Kuchambua Shairi la Kiingereza la Kisasa: Mwongozo Kamili kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

"Mshairi ametumia tashibiha ili kupamba kazi yake na kuleta mvuto kwa msomaji."

Sentensi hiyo nimeisahihisha kwenye madaftari mpaka kalamu nyekundu imechoka. Inafaa kwa kila shairi lililowahi kuandikwa, na kwa sababu hiyo haisemi lolote kuhusu shairi lililo mezani. Ndugu yake ni ile inayotangaza kwamba "dhamira ya shairi hili ni vita". Anayeandika hivyo si mvivu. Amezoeshwa kuanza na dhamira kisha kuwinda tamathali za kuitegemeza, ilhali kazi huenda kinyume: lugha kwanza, neno kwa neno, na dhamira hujitokeza baadaye, mara nyingine ikiwa tofauti kabisa na ile uliyoitarajia.

Nitafuata shairi moja tangu mwanzo hadi mwisho: "Dulce et Decorum Est" la Wilfred Owen, Mwingereza aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Lina mishororo 28, halina hakimiliki tena kwa hiyo utalipata bure mtandaoni, na ni aina ya shairi ambalo wanafunzi hudhani wamelielewa siku ya kwanza. Lipate, kisha linakili kwa mkono ukiacha nafasi pana kati ya mishororo. Kunakili si adhabu. Mkono huziona koma ambazo jicho huziruka.

Kuhusu istilahi, maana hapa watu hugombana bure. Vitabu vingi vya Tanzania huita "dhamira" lile wazo kuu linalojengwa ndani ya kazi, na "maudhui" huwa jumla ya dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Kenya mara nyingi "maudhui" ndiyo masuala yanayozungumziwa, na "dhamira" ni lengo la mtunzi. Nitatumia "dhamira" kwa maana ya Tanzania. Msomaji wa Kenya abadilishe neno, kazi ni ileile.

Hatua ya kwanza: lisikie kabla hujaandika lolote

Soma kwa sauti mara tatu, kalamu ikiwa mbali. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na tabia hiyo hututia mtegoni tukifika kwenye Kiingereza. Tazama "Knock-kneed, coughing like hags". Nimeona wanafunzi wakiandika kwamba kuna takriri ya sauti k. K hizo mbili za mwanzo hazitamkwi! Sauti inayojirudia pale ni n. Vivyo hivyo kwenye "watch the white eyes writhing": w za "watch" na "white" zinasikika, lakini "writhing" huanza na r. Takriri ya sauti hukamatwa kwa sikio. Ukiikamata kwa jicho utaandika uongo kwa ujasiri mkubwa.

Mtego wa pili ni mizani. Sisi tumelelewa kuhesabu silabi: mizani nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili), basi. Kiingereza nacho huhesabu, ila uti wa mgongo wake ni mkazo, yaani ni silabi zipi zinapigwa kwa nguvu na zipi zinapita chini chini. Mshororo wa kwanza, "Bent double, like old beggars under sacks", una silabi kumi kamili. Ungetegemea mwendo laini wa chini-juu, chini-juu kama hatua za gwaride. Badala yake mkazo unarundikana mwanzoni, "Bent dou–", kama mtu aliyejikwaa hatua ya kwanza. Askari hawa hawapigi gwaride, na mapigo ya mshororo yamekwisha kutuambia hivyo kabla maana ya maneno haijafika.

Sikiliza pia vituo. "Men marched asleep." Nukta, katikati ya mshororo. Kisha "All went lame; all blind;" ambapo nuktamkato zinakatakata pumzi. Huhitaji istilahi yoyote kusema kwamba sentensi zinachechemea. Andika hivyo pembeni: zinachechemea.

Hatua ya pili: tafsiri ya kazi

Hii siyo tafsiri ya kuchapisha. Ni tafsiri mbaya, ya penseli, ya kujua kinachotokea. Mshororo wa kwanza: "Tumepinda migongo kama ombaomba wazee chini ya magunia." Endelea hadi mwisho. Utapata kisa hiki: kikosi kilichochoka kinarudi nyuma kupumzika, kombora la gesi linaanguka, wanavaa vinyago, mmoja anachelewa, anakufa polepole mbele ya wenzake, na mzungumzaji anamgeukia mtu fulani na kumwambia neno.

Tafsiri hii ina faida ambayo Mwingereza hana: inakulazimisha kuamua. Neno linalokukwamisha ndilo lenye kitu ndani yake.

Chukua "like a man in fire or lime". Kila darasa huwa na mtu anayeandika ndimu. "Lime" ya hapa ni chokaa, ile ambayo haijazimwa kwa maji, inayounguza ngozi. "Helmets" za shairi hili si kofia za chuma, ni vinyago vya kujikinga na gesi, na "panes" ni vile vioo vyake vya machoni. Usipolijua hilo, maneno "thick green light" yatakuchanganya: anaona kijani kwa sababu anatazama kupitia vioo vyenye ukungu, na kwa sababu gesi ya klorini yenyewe ina rangi ya kijani-njano.

Kisha "An ecstasy of fumbling". Kamusi ndogo itakuambia "ecstasy" ni furaha kubwa. Furaha, gesi ikiwa inakuja? Fungua kamusi kubwa zaidi. Asili yake ni Kigiriki, kutoka nje ya nafsi yako. Kiswahili kina neno linalokaribia sana: kupagawa. Mtu hupagawa kwa furaha, kwa hofu, kwa pepo. Ukiandika "kupagawa kwa vidole vinavyopapasa", ghafla unaona Owen alichofanya. Amechukua neno la ibada na mapenzi akalibandika kwenye vidole vinavyoshindwa kufunga mkanda.

Na "guttering". Hivyo ndivyo mshumaa unavyofanya unapokwisha, mwali ukirukaruka. Aliyesomea koroboi anaijua sura hiyo vizuri kuliko mtoto wa London: mafuta yameisha, utambi unakohoa, mwanga unaruka mara mbili tatu, giza. Neno hilohilo lina mfereji wa maji ndani yake, kwa hiyo mtu yule anazimika na kuzama kwa pamoja.

Maneno matatu au manne ya namna hii yanatosha kwa shairi zima. Ukitafuta ishirini utachoka na utaandika orodha.

Hatua ya tatu: nani anasema, na anamwambia nani

Zungushia duara kila kiwakilishi cha nafsi. Hatua hii huchukua dakika mbili, nami naithamini kuliko nyingine zote.

Ubeti wa kwanza ni "we": tulilaani, tuligeuza migongo. Ubeti wa pili ni "someone", mtu fulani asiye na jina, kisha "I saw him". Kundi limepasuka: amebaki mmoja anayetazama na mmoja anayekufa. Ile mishororo miwili iliyosimama peke yake ni "my" na "me". Halafu, mwanzo wa ubeti wa mwisho, anaingia mtu ambaye hatukujua kama yumo chumbani: "you too". Kiingereza hakisemi kama ni wewe au ninyi. Ukitafsiri, Kiswahili kinakubana uchague, na jibu linachelewa mpaka "My friend". Kumbe ni mtu mmoja, rafiki yangu, na neno hilo limesemwa kwa meno yaliyokazwa. Kinaya hicho usikiache kipite.

Sasa pigia mstari nyakati za vitenzi. Beti mbili za mwanzo ziko wakati uliopita: walichechemea, nilimwona. Mara, "He plunges at me". Ananirukia, sasa hivi. Vita vimepita lakini ndoto haijapita. Hakuna neno "kumbukumbu" wala "maumivu ya nafsi" popote kwenye shairi. Kuna kubadilika kwa wakati wa kitenzi kimoja, na hapo ndipo alama za mtihani zilipo.

Ubeti wa mwisho una mishororo 12 ambayo ni sentensi moja tu. Imejengwa juu ya "If... If... you would not". Sisi tuna kiambishi kinachofanya kazi hiyo kwa usafi kabisa, -nge-: kama ungeweza kutembea nyuma ya lile gari lililombeba askari anayekufa, kama ungesikia ile damu, usingewasimulia watoto. Na tunajua -nge- inabeba nini: jambo halipo. Rafiki huyo hajatembea nyuma ya gari lolote. Sarufi peke yake imekwisha kumshtaki.

Angalizo moja hapa. Mzungumzaji, au nafsineni kama wasemavyo Wakenya, si lazima awe Owen. Andika "mzungumzaji" hadi uwe na sababu nzuri ya kuandika "Owen".

Hatua ya nne: vitenzi kwanza, tamathali baadaye

Wanafunzi hukimbilia tashibiha kwa sababu ina alama ya wazi, lile neno "like" au "as". Vitenzi havina alama, kwa hiyo huachwa. Viorodheshe: cursed, trudge, limped, fumbling, stumbling, drowning, plunges, choking, flung, writhing, gargling. Angalia ni vingapi vinavyoonyesha mtu anayetenda kwa kukusudia. Karibu hakuna. Miili inatendewa, inateleza, inashindwa.

Simama kwenye "flung". Walimchukua mwenzao wakafanya nini? Hawakumlaza, hawakumpakia kwa upole. Walimbwaga. Kubwaga ni neno la mizigo, na mzigo wa kwanza wa shairi tuliuona mshororo wa kwanza: magunia. Wale waliolinganishwa na ombaomba chini ya magunia wamefikia kumbwaga mwenzao kama gunia. Sidai kwamba Owen alikaa akapanga hivyo. Nasema maneno yapo, na umbali kati yake unaweza kupimwa kwa kidole.

Ukifika kwenye tashibiha, iulize maswali mawili. Kimelinganishwa na nini ambacho kingeweza kuwa kitu kingine? Na kulinganishwa huko kunaondoa nini? Askari wangeweza kulinganishwa na simba, mashairi ya kusifu vita hufanya hivyo kila siku. Hapa wamekuwa "old beggars" na "hags", ombaomba wazee na vikongwe. Kimeondolewa ujana, kimeondolewa uanaume wa kijeshi, kimeondolewa heshima ya sare. Halafu, katikati ya vurugu, sauti inapiga kelele "Quick, boys!" Vijana! Ndipo unapogundua kwamba wale vikongwe ni wavulana. Tashibiha ya mwanzo ilikuwa inangoja neno hilo.

Huo ndio uchambuzi. Ukishaandika hayo huna haja tena ya kusema tashibiha "imeleta mvuto".

Mnyororo wa maneno

Hatua hii sikufundishwa na mtu, niliipata kwa kuchoka na orodha za tamathali. Chukua kalamu ya rangi moja na upake maneno yote yanayotoka kwenye eneo moja la maisha, bila kujali ni tamathali au la. Kwenye shairi hili jaribu kinywa na sauti: coughing, cursed, deaf, hoots, yelling, choking, gargling, froth, lungs, cud, tongues. Na mwishoni kabisa: tell, Lie.

Tazama mnyororo huo unavyokwenda. Vinywa vya askari vinakohoa, vinalaani, vinapiga kelele, kisha vinajaa damu mpaka haviwezi kusema. Ndimi zisizo na hatia zimeota vidonda. Kinywa kimoja tu ndicho kizima, kile cha "my friend", nacho kinatumika kuwaambia watoto uongo. Na uongo wenyewe, kwamba ni tamu na ni stahili kufa kwa ajili ya nchi, unasemwa kwa lugha gani? Kilatini, lugha ambayo hakuna mama anayembembelezea mwanawe. "Tongue" kwa Kiingereza ni ulimi na pia ni lugha. Shairi linaishia kwenye lugha iliyokufa, likisifu kifo.

Hapo ndipo kitu kilianza kunionekea ambacho "dhamira ni vita" isingeweza kunionyesha kamwe.

Hatua ya tano: umbo

Hesabu mishororo ya kila ubeti: 8, 6, 2, 12. Nane na sita ni 14. Mbili na 12 ni 14. Soneti ina mishororo 14, na wasomaji wengi wameona hapa soneti mbili, ya pili ikiwa imevunjika mahali pasipotarajiwa. Kwa karne nyingi soneti ilikuwa nyumba ya mapenzi na sifa. Kuingiza gesi humo ni sawa na mtu kufokea msiba kwa bahari na mizani ya wimbo wa harusi.

Vina vina siri nzuri zaidi. Mishororo miwili ya mwisho ya ubeti wa pili inaishia na "light" na "drowning". Wenzao wa vina hawapo kwenye ubeti huo. Wako ng'ambo ya nafasi tupu, kwenye ile mishororo miwili iliyojitenga: "sight" na... "drowning". Neno lilelile! Mshairi aliyeweza kuoanisha "lungs" na "tongues" hakushindwa kupata kina kingine. Amekirudia kifo chenyewe. Ubeti umekwisha, usiku umepita, lakini vina vinaivuta ndoto irudi kwenye tukio, na neno linalorudi halijabadilika hata herufi. Hivyo ndivyo jinamizi lilivyo.

Kisha mwisho. "Glory" inaoana na "mori". Kwa Kilatini "mori" ni kufa. Utukufu na kufa vimefungwa kwa kina kimoja, na mshororo unaobeba "mori" una silabi sita tu pale tulipozoea kumi. Umekatika. Soma kwa sauti uone unavyobaki umening'inia.

Kuhusu herufi kubwa kwenye "Lie": ndiyo, itaje. Sentensi moja yatosha.

Hatua ya sita: sasa ndipo dhamira

Vita ni mada. Mada ni neno, dhamira ni dai. Kipimo changu ni hiki: je, mtu mwenye akili anaweza kulibishia? "Vita ni vibaya" hakuna atakayekubishia, kwa hiyo bado hujasema kitu. Rudi kwenye ushahidi ulioupata kwa mkono wako: rafiki ambaye hajatembea nyuma ya gari, vinywa vilivyojaa damu na kinywa kimoja kinachosimulia, watoto, Kilatini. Jaribu kuunganisha.

Mimi ningeandika hivi: shairi hili linashitaki lugha ya kusifia vita zaidi ya linavyoshitaki vita yenyewe, na linamnyang'anya haki ya kusimulia mtu ambaye hajauona mwili unaokufa. Hilo linaweza kubishiwa. Kuna atakayesema huruma kwa yule askari ndiyo kiini, na atakuwa na mishororo ya kumuunga mkono. Vizuri. Mkibishana kwa mishororo mnachambua.

Jipime pia kwa njia ya kuudhi: tafuta mshororo usiokubaliana na dhamira yako. Wangu ni "the misty panes and thick green light, As under a green sea". Ni mzuri mno. Mtu anakufa na lugha imekuwa nzuri kama ya bahari. Je, shairi linalolaumu urembo wa maneno linaruhusiwa kuwa rembo? Sina jibu la kufunga mjadala, lakini aya niliyoiandika kuhusu swali hilo ndiyo bora kuliko zangu zote kuhusu shairi hili.

Hatua ya saba: historia, kwa kipimo cha chumvi

Wengi huanzia hapa na kujaza ukurasa mzima wa wasifu. Historia iingie pale tu inapofungua neno.

Haya ndiyo yanayofungua. Kichwa cha shairi ni nusu ya mshororo wa Horace, mshairi wa Kirumi, unaosema kwamba ni tamu na ni stahili kufa kwa ajili ya nchi. Vijana wa shule za Uingereza waliojifunza Kilatini waliujua. Kichwa kimekatwa kabla ya "kufa", kwa hiyo anayeanza kusoma anaona "ni tamu na ni stahili" tu, na kifo anakikuta mwishoni. Rasimu moja ya Owen ilimlenga Jessie Pope, mwanamke aliyeandika mashairi ya kuwahimiza vijana wajiunge na jeshi. Baadaye jina hilo liliondolewa. Ukijua hilo, "My friend" inapata uso, kisha inaupoteza na kuwa ya yeyote anayesoma. Binafsi naona kuondoa jina kuliliongezea shairi nguvu.

Owen alizaliwa Oswestry mwaka 1893. Aliliandika shairi hili Oktoba 1917 akiwa hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, akitibiwa mshtuko wa vita. Huko ndiko alikokutana na mshairi Siegfried Sassoon. Alirudi mstari wa mbele akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kwisha. Shairi lilichapishwa 1920. Kwa kuwa hakuishi kulihariri mwenyewe, rasimu zake zinatofautiana: mshororo wa nane katika matoleo mengine unataja "gas-shells", katika mengine "Five-Nines", aina ya makombora. Hakikisha unanukuu toleo ulilopewa darasani.

Sisi tuna mlango wetu wa kuingilia vita hiyo, wala hatuhitaji kuulazimisha. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambamo makumi ya maelfu ya watu wetu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari pale Kenyatta Avenue, Nairobi, ina maneno ya Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza, yanayoahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Yasome maneno hayo kisha soma mishororo minne ya mwisho ya Owen. Halafu ongeza hili: Kipling huyohuyo, ambaye mwanawe John aliuawa kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, aliandika mwaka 1919 maandishi ya kaburi ya mishororo miwili, "If any question why we died, / Tell them, because our fathers lied." Hapo una maandishi matatu, na neno la uongo katika mawili. Ukiulizwa swali la kulinganisha, usilinganishe mada. Linganisha nani anasema uongo na nani anaambiwa: kwa Owen ni rafiki na watoto, kwa Kipling ni baba, na wanaosema ni maiti wenyewe.

Shairi likiwa halina vina wala mizani

Mashairi mengi ya kisasa ni huru, na hapo wanafunzi huchanganyikiwa kama tulivyochanganyikiwa mashairi huru ya Kiswahili yalipoanza. Mwaka 1923 daktari mmoja wa New Jersey, William Carlos Williams, alichapisha shairi la maneno 16 kuhusu toroli jekundu lenye maji ya mvua kando ya kuku weupe. Ndiyo yote.

Swali la kuliuliza shairi huru ni moja: kwa nini mshororo umekatwa hapa? Williams ameandika "wheel" mwisho wa mshororo na "barrow" chini yake, "rain" juu na "water" chini. Maneno tunayoyameza mzima ameyakata vipande tuone vimetengenezwa na nini. Kila ubeti una maneno matatu juu na moja chini. Na shairi linaanza na "so much depends / upon", mambo mengi yanategemea, bila kusema mambo gani. Mistari mishata, kama waiitavyo Kenya ile mistari inayokatika kabla wazo halijakamilika, ndiyo fani yote hapa. Hakuna tashibiha hata moja ya kuwinda, na ni dawa nzuri kwa aliyezoea kuwinda.

Kuandika aya

Jibu lako litakuwa kwa Kiingereza, lakini fikra ziunde kwanza kwa lugha unayoota nayo. Kila aya ibebe dai moja, nukuu fupi ya maneno mawili matatu, kisha maelezo marefu kuliko nukuu. Ukinukuu mishororo minne na kueleza kwa sentensi moja, aliyefanya kazi ni Owen.

Aya dhaifu: "Mshairi ametumia takriri ya neno drowning ili kusisitiza ujumbe."

Aya yenye uhai: "Kina cha 'drowning' hakipati mwenzake ndani ya ubeti. Kinangoja hadi baada ya nafasi tupu, na kinachokuja ni neno lilelile. Wakati wa kitenzi umebadilika kutoka 'saw' hadi 'plunges', kwa hiyo kilichotokea mara moja sasa kinatokea kila usiku, na vina vimekataa kumpa mzungumzaji neno jipya la kutokea."

Hakuna istilahi ngumu humo zaidi ya kina na wakati wa kitenzi. Usianze na "Katika shairi hili". Usimalize kila aya kwa kurudia swali la mtihani. Na kama una dakika 45, tumia 15 kwenye duara, mstari na kalamu ya rangi kabla hujaandika neno. Watakaoanza kuandika dakika ya pili watakutisha. Waache.

Kwa zoezi, chukua "Futility" la Owen, mishororo 14 katika beti mbili za saba saba. Neno la kwanza ni kitenzi cha kuamrisha, "Move". Anza hapo: nani anaamrishwa, nani anasogezwa, na kwa nini anayesogezwa hawezi kusogea mwenyewe.